Cheti cha Almasi

Sonara wa mjini Meru alitukabidhi cheti pamoja na pete yangu ya uchumba. Kilisema kwamba waliochimba almasi ile walilindwa vizuri kazini. Mchumba wangu akatabasamu. Mimi nikawa naizungusha pete kidoleni, situlii.

Vyeti navijua mimi! Kwetu Embu tunalima majani chai, nayo pia yana cheti. Wakaguzi wakija, kila mkulima lazima aonyeshe gambuti za kupigia dawa. Sisi majirani tuna jozi moja tu. Mkaguzi akianza kuaga kwa jirani, gambuti zinarushwa juu ya ua, nami nazivaa zikiwa bado na joto la miguu ya mwenzangu.

“Hao wachimbaji,” nikamuuliza sonara, “wana gambuti jozi ngapi?”

Alidhani natania.