Nilimtuma Rafiki Akapime kwa Jina Langu

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Tena nililifanya huku nacheka!

Mimi ni kijana wa Nkowe, Ruangwa, mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Namungo. Nilioa mwaka juzi. Mke wangu aliposhika mimba, akaambiwa siku ya kwanza ya kliniki aende na mumewe, wapimwe wote virusi vya UKIMWI.

Nikaingiwa na baridi. Machimboni nilikuwa na mwanamke mwingine, na kondomu tuliitumia siku tulizokumbuka. Hatari niliijua kabisa! Shuleni tulifundishwa, na redioni nimesikia matangazo mpaka nimeyakariri. Nilichokosa ni moyo wa kwenda kupima.

Basi nikamwomba rafiki yangu wa bodaboda aende na mke wangu, ajiite mimi. Mke wangu hakutaka.

"Kwa nini tusiende sisi wawili? Kwani unaogopa nini?"

Nikamwambia nimebanwa na kazi. Akaniamini, maskini, akakubali kwenda naye!

Mchana rafiki yangu akarudi anachekelea. "Mwanangu, uko safi! Wote mko safi!"

Na mimi mjinga nikafurahi! Nikaisoma ile kadi ya kliniki kana kwamba iliyopimwa ni damu yangu. Nikajiambia, kama mke wangu ni mzima, basi na mimi mzima. Nikaendelea na yule wa machimboni, na nyumbani nikaendelea kuwa mume.

Mimba ilipofika miezi minane, mke wangu akapimwa tena. Akakutwa na virusi.

Safari hii nikaenda mwenyewe. Nesi akaiangalia kadi, akaniangalia na mimi. "Mbona huyu siye aliyekuja mara ya kwanza?"

Mke wangu ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, "Siye, dada. Huyu ndiye mume wangu."

Wallahi, nilitamani ardhi inimeze! Nikapimwa palepale, na mimi nikakutwa navyo.

Sasa wote tunatumia dawa. Mke wangu alirudi kwa mama yake Nachingwea, akajifungulia huko, mtoto wa kike. Kipimo cha kwanza cha mtoto kimetoka salama, lakini bado ananyonya na vipimo vingine vinakuja. Nikienda kumwona akakohoa kidogo tu, moyo unanipasuka!

Mama mkwe hunikaribisha vizuri, hunitengea chakula, huniita mwanangu. Hajui lolote. Mke wangu hajamwambia, na mimi hanitukani. Laiti angenitukana!

Vijana wenzangu, majibu ya mwenzako si majibu yako. Nendeni wenyewe, hata kama mnatetemeka. Siku ile ningekwenda mimi, ningeumbuka mbele ya nesi, mke wangu angelia, pengine angefungasha vitu vyake siku hiyohiyo.

Lakini angeondoka mzima.