Gogo la Mlangoni na Kengele ya Waseme

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka naketi wima hata kama mgongo unaniuma. Mbwa wetu Waseme alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua, hana kamba shingoni, na nje, karibu kabisa, alisimama mgambo mwenye bunduki akimsubiri avuke. Angevuka, angekufa. Na mimi niliyemfundisha nilikuwa nimekatazwa kufungua mdomo.

Nitafika huko, usinikimbize. Nimeanza kukusimulia haya kwa sababu jana nilipita kwako nikamwona yule mtoto wa mbwa uliyemnunua. Umemfunga mnyororo kwenye nguzo ya kibaraza. Una ua wa matofali mzuri kuliko nyumba niliyoolewa mimi, una lango la chuma, na bado mnyama umemfunga kama mwizi wa kuku! Sikukusema pale kwa sababu ulikuwa na wageni. Leo huna wageni.

Niliolewa Mabawe nikitokea kwetu Bugarama, miaka ile ya wakimbizi, watu walipokuwa wakivuka mpaka kutoka Burundi kwa makundi, magodoro vichwani na watoto mgongoni. Mume wangu alikuwa amekwenda Biharamulo kutafuta kibarua, akirudi mara mojamoja. Nyumbani tulibaki mimi na baba mkwe, mzee aliyefiwa na mkewe zamani, mwindaji aliyekuwa ameacha kuwinda lakini hakuacha kusimulia alivyowinda. Na Waseme. Alikuwa jike, rangi ya kahawia, sikio moja limechanika. Majirani walimcheka baba mkwe kwamba ametoa mbuzi mzima ili apate mtoto wa mbwa, naye akajibu, "Waseme." Jina likabaki hilo.

Ua wetu ulikuwa wa minyaa, kama nyua nyingi za huku. Mlango wake tuliuziba jioni kwa miti ya kulaza, na asubuhi tukaiondoa yote. Mchana haukuzibwa. Kwetu, ukipita mchana ukakuta mlango wa ua umezibwa, unajua humo ndani kuna msiba, au kuna watu wasiotaka kuonwa. Baba mkwe alikuwa mkali sana kwa jambo hili, na miaka ile ukali ukaongezeka.

"Watu wamekimbia kwao," aliniambia, "halafu wafike kwangu wakute nimeziba?"

Basi mtungi wa maji ulikaa kivulini, na mwenye kiu aliingia akanywa akaenda zake. Waseme alikuwa amezoea. Aliwanusa miguu, akarudi kulala.

Lakini barabarani mambo yaliharibika. Mbwa waliopotezana na wenyewe walizagaa wakiwa na njaa, na kichaa cha mbwa kikaingia. Ng'ambo ya bonde mtu aliumwa akafa, kifo kibaya ambacho sitakisimulia. Bwana mifugo akapita kijiji kwa kijiji na tangazo: kila mbwa achanjwe, na mbwa yeyote atakayekutwa nje ya ua wa mwenyewe atapigwa risasi. Simlaumu hata kidogo. Alikuwa mtu mwema, na ndiye aliyemchoma Waseme sindano kwa mkono wake, huku mimi nimemshika mbwa kichwa. Alipomaliza akaniambia, "Mama, sindano hii inamkinga na kichaa. Na risasi umkinge wewe."

Neno hilo lilinikaa. Tulikuwa na mlango ambao haukuruhusiwa kuzibwa, na mbwa ambaye hakuruhusiwa kutoka. Nikatafuta kamba ya katani, nikamfunga Waseme kwenye mti wa kahawa nyuma ya nyumba. Mpaka leo sioni kwamba lilikuwa kosa kubwa. Niliogopa, na mtu akiogopa anashika kilicho karibu.

Baba mkwe aliporudi kutoka shambani alimkuta Waseme amezunguka mti mpaka kamba imemkaba, ulimi nje, mtungi ameupindua. Alimfungua kwanza. Kisha akaniita.

"Nani amemfunga?"

"Mimi, baba. Naogopa watamuua."

Akanitazama. "Mkwe, ulipoletwa hapa nilikufunga kamba ili usirudi Bugarama?"

"Hapana, baba."

"Mbona hujarudi?"

Nilitaka kucheka, nikajikaza, maana mbele ya baba mkwe mtu hachekicheki ovyo. Yeye wala hakuwa anatania. Aliniambia kwamba mbwa aliyefungwa anajifunza urefu wa kamba tu, na siku ikikatika anakimbia bila kujua aishie wapi. Akijiwa na chui hawezi kukimbia, na jua likimfuata hawezi kuhama. Mbwa wake wote wa kuwinda aliwafundisha, hakuwahi kufunga hata mmoja.

"Basi mfundishe, baba," nikasema.

"Anayeshinda naye kutwa ni nani?"

Ndivyo nilivyopewa kazi ile, bi harusi ambaye hata hina ya mikono haijatoka vizuri.

Usidhani nilianza na mbwa. Nilianza na ua. Nilizunguka minyaa yote nikipiga magoti, na kila penye pengo la kupita kichwa nikachomeka vijiti vipya, uso nimeugeuza pembeni kwa sababu utomvu wa minyaa ukiingia jichoni utajuta. Nikaokota vipande vya chupa. Sumu ya panya nikaipandisha darini. Nikamwekea maji yake mahali ambapo kivuli hakiondoki. Baba mkwe alinitazama tu, akaniambia nimeacha pengo moja nyuma ya choo. Ni kweli nilikuwa nimeliacha.

Kisha nikamfundisha neno moja. "Garuka," yaani rudi. Nilimwita mara moja tu, kwa sauti ya furaha, na akija anapata ukoko wa ugali wa muhogo au kifupa. Asipokuja sikuimba jina lake kama mchuuzi wa dagaa. Nilimfuata kimya, nikajaribu tena karibu zaidi. Siku moja aliyala mayai ya kuku aliyekuwa anaatamia, nikashika fimbo, nikataka kumwita nimwonyeshe. Baba mkwe akaniwahi.

"Ukimwita umpige, leo atakuja," akasema. "Kesho utamwita umwokoe, hatakuja."

Nikaitupa fimbo. Mayai yaliniuma, sikufichi.

Mwisho tukalaza gogo la mkaratusi kwenye mlango wa ua, kutoka upande hadi upande. Mtu anaruka bila shida, mbwa pia. Waseme akilikaribia nilisimama mbele yake, nikamsogelea mpaka arudi nyuma, na akirudi anapata chake. Nikazoea kusimama pembeni. Halafu nikasimama nje yeye akiwa ndani. Tukaendelea mbuzi wa jirani wakipita, kisha wapitaji na mizigo yao. Nikihisi hasira inanipanda niliacha, nikaenda kuchambua maharage.

Lakini mbwa lazima atoke pia, la sivyo ua unakuwa jela. Hapo ndipo ilipoingia kengele. Ilikuwa kengele ya chuma yenye mkanda wa ngozi, ya mbwa wa kuwinda, imetundikwa kwenye msumari kwenye nguzo ya nyumba. Zamani wawindaji waliisokomeza majani isilie mpaka wafike porini, ndipo wakayatoa na mbwa akajua kazi imeanza. Baba mkwe alikuwa akimvisha Waseme wanapokwenda shambani pamoja. Mimi sikuwahi kuigusa. Kengele ya mbwa ilikuwa ya wanaume, mwanamke aliifutia vumbi kwa mbali. Basi ikawa hivi: akivishwa kengele, anavuka gogo akiwa na mtu wake. Asipovishwa, gogo ni ukuta. Sisi hatukumweleza, alielewa mwenyewe. Nakwambia kwa kujivuna, na sitaomba radhi.

Sasa tumefika. Asubuhi jua likiwa limepanda, nilikuwa nimekaa uani na ungo wa maharage. Baba mkwe alikuwa kibarazani anatia mpini kwenye jembe. Akaja bwana mifugo na mgambo, kijana mrefu mwenye bunduki begani. Mtu alikuwa amepeleka habari kwamba kwetu kuna mbwa asiyefungwa na mlango uko wazi.

"Mama, tangazo unalijua," bwana mifugo akasema baada ya salamu.

"Nalijua, bwana mifugo. Linasema nje ya ua. Waseme yuko ndani."

Mgambo akacheka. "Yuko ndani kwa sababu hajaona cha kumtoa." Akatoa kwenye mfuko wake kipande cha samaki mkavu, akakitupa njiani, nje ya gogo. "Na usimwite. Ukimwita, basi hajui kitu."

Bwana mifugo hakupendezwa na mchezo ule, lakini kazi ilikuwa kazi. Akaniuliza taratibu, "Unakubali? Akivuka, sitaweza kumzuia huyu."

Nilimtazama baba mkwe. Alikuwa anaendelea na mpini wake, kana kwamba hayamhusu. Yule mbwa ndiye alikuwa mwenzake tangu mkewe alipozikwa. Aliongea naye kuliko alivyoongea na mimi.

"Nakubali," nikasema.

Waseme alinyanyuka. Harufu ile hata mimi niliisikia. Akaenda mpaka kwenye gogo, mate yanamdondoka, akaweka mguu mmoja juu yake. Mgambo akashusha bunduki begani. Nilibana ungo mapajani, nikauma midomo. Neno lilikuwa pale kwenye ulimi, garuka, neno dogo tu, nikalimeza.

Waseme akageuza kichwa. Akaitazama nguzo yenye kengele. Akanitazama mimi. Kisha akaondoa mguu kwenye gogo, akaketi, akalia kidogo kama mtoto anayenyimwa.

Mgambo akapiga mluzi. Akajipiga pajani. Akakisukuma kile kipande kwa kiatu, karibu zaidi. Waseme aliinuka, akarudi polepole mpaka kwangu, akalala kando ya ungo akimpa mgongo samaki, mgambo na bunduki yake.

"Itundike begani," bwana mifugo akamwambia kijana. "Mbwa huyu ana ua imara kuliko wenye kuta."

Mimi nilikuwa nalia. Maharage yote yalikuwa chini.

Baba mkwe akaweka jembe. Akainuka, akaitoa kengele kwenye msumari, akaja nayo uani. Nilidhani anakwenda kumvisha Waseme. Akaninyooshea mimi.

"Mvishe."

"Baba, hiyo si ya wanaume?"

"Ni ya yule ambaye mbwa anamsikia," akasema. "Mvishe, akale samaki wake."

Mkanda ulinishinda mara ya kwanza. Nilipomaliza nikasimama, nikasema, "Twende." Tukavuka gogo pamoja, kengele inalia, kichwa nimekiinua mpaka shingo iliniuma, na Waseme akamla yule samaki palepale mbele ya viatu vya mgambo. Kijana alirudi nyuma kidogo. Najua aliogopa, ingawa mpaka anahama Mabawe alikuwa anabisha.

Baada ya hapo nilipata wageni. Watu waliniletea mbwa wao niwafundishe wao na mbwa, na magogo yakaonekana kwenye milango ya ua mpaka Murukulazo. Mbwa wengi walipona mwaka ule, na mtungi wetu wa maji haukuondoka kivulini. Waseme aliishi mpaka uso ukawa mweupe. Alikufa kwa uzee, amelala kando ya gogo, upande wa ndani.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Mnyororo ule ufungue leo. Lakini kabla hujaufungua, zunguka ukuta wako kwa miguu yako, utazame chini ya lango la chuma, maana mtoto wa mbwa anapita mahali ambapo hudhani. Sumu na vioo viondoe. Mpeleke achanjwe, na mwaka ujao tena, usingoje tangazo. Mfundishe neno moja la kumrudisha, ulitamke mara moja, na kila akija akute jema kwako, hata kama ametoka kukutia hasara. Mfundishe langoni kila siku kidogo kidogo, na ukikasirika uache. Na umtoe nje, utembee naye, asije akaona ua wako ni kifungo. Mimi nilipewa kazi hii na mtu ambaye hakuwahi kunisifu kwa mdomo, na sifa aliyonipa siku ile kwa mkono inanitosha hadi kaburini.

Nyoosha mkono upokee. Hii ndiyo kengele yenyewe, ngozi ya mkanda nimeibadilisha, chuma ni kilekile. Mvishe utakapoona yuko tayari, na utajua.

Mungu akulinde wewe na wote wanaolala ndani ya ua wako. Mbwa wako azeeke mlangoni pako. Ukiita, uwapendao wageuke. Na mlango wako, mwanangu, usizibwe mchana.