Diski Zisizorudi Dukani

Baba yangu alizungumza mbele ya watu mara moja tu ninayoikumbuka, kwenye sendofu ya dada yangu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, na aliyeshika kamera nilikuwa mimi. Ndiyo kwanza nilikuwa najifundisha kazi, peke yangu, kwa kutazama video za watu mtandaoni. Katika filamu niliyoikabidhi kwa familia, hotuba ile haisikiki. Wapiga video wa Dar wengi ndivyo tunavyofanya: nasaha za wazazi hukatwa kipande kidogo na kufunikwa na wimbo, kwa sababu watu wanataka kuona magauni, na mashangazi wakicheza kwenda kutoa zawadi. Sauti yenyewe ilibaki kwenye picha ghafi, ndani ya diski kubwa niliyoiweka juu ya kabati, chumbani kwangu Magomeni.

Baba alipofariki, mama hakuulizia picha. Picha anazo. Baada ya arobaini aliniambia, huku akichambua mchele, "Yale maneno aliyomwambia dada yako. Nataka kuyasikia yote. Siku ile nilikuwa nahangaika na wageni."

Nikamwambia yapo.

Nilipoichomeka ile diski, ikaanza kugonga. Ka, ka, ka, kama mtu anayegonga kijiko kwenye sahani. Ikanyamaza. Kisha ikafunguka, nikaona mafolda yangu yote. Nikaichomoa haraka. Nilikwisha kusoma vya kutosha kujua kwamba huo ni mlio wa diski inayokufa, na kwamba kila ukiiwasha huenda ndiyo mara ya mwisho. Wajuzi wanasema usichokonoe faili mojamoja. Nunua diski mpya, kubwa kuliko ile, unakili kila kitu kwa mkupuo mmoja. Hata kama ningetaka kuchokonoa, nisingejua pa kuanzia, kwa kuwa siku zile sikujua kupanga kazi. Hotuba ya baba ilikuwa mojawapo ya video nyingi mno zenye namba tu. Nikaifunga diski kwenye kanga ya mama, nikairudisha juu ya kabati, nikaanza kutafuta mpya.

Mimi siwezi kununua hata ndoo bila kuivuta mshikio. Nikasoma maoni ya wanunuzi mpaka macho yakauma. Kila chapa ina mtu anayeiapia na mtu anayeililia. Huyu anasema ya kwake imedumu tangu akiwa chuo, yule anasema ileile ilimfia na picha za mwanawe mchanga. Na ile yangu inayogonga, iliyolala ndani ya kanga, ilikuwa ya chapa inayosifiwa kuliko zote.

Kariakoo nikaenda kwenye duka moja linalouza vifaa vya kompyuta kwa jumla na rejareja. Anayeuza ni dada mmoja mwenye asili ya Kiarabu, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi.

"Mambo, kaka."

"Poa. Naulizia diski kubwa. Ipi imara?"

"Zote imara."

"Haziwezi kuwa zote."

"Basi zote mbovu. Chagua."

Nikamwomba anifungulie boksi. Akasema boksi likifunguliwa limenunuliwa. Nitajuaje kama ni nzima? "Tunaichomeka hapahapa. Taa ikiwaka, nzima." Ndiyo desturi ya Kariakoo. Balbu, pasi, feni, kila kitu hujaribiwa mbele ya mteja. Kikiwaka ni kizima, kikivuka mlango ni chako. Lakini diski si balbu. Diski inawaka vizuri leo na ugonjwa wake uko mwakani. Nilijaribu kumweleza hayo. Alinisikiliza kwa adabu huku akimhudumia mtu mwingine.

Sikununua. Nilirudi tena, sikununua. Nyumbani mama aliuliza, "Tayari?" nikasema bado kidogo. Nilikuwa naogopa kuchagua vibaya, na nilijua kabisa kwamba huku kuogopa nako ni kuchagua.

Safari iliyofuata yule dada aliniona kutoka mbali. "Kaka, unanunua diski au unaposa? Maana hata posa hujibiwa mapema."

Wateja wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikamuuliza swali nililokuwa nimelibeba njia nzima.

"Niambie moja tu. Zipi zinarudi?"

Hapo akanitazama kwa makini kidogo. Akainama, akavuta chini ya kaunta boksi la diski mbovu ambazo wateja walizirudisha wakilalamika, desturi au si desturi. Karibu zote zilikuwa na lebo ya bluu, chapa ileile ya yangu inayogonga.

"Bluu ndizo zinarudi," akasema. "Zenye lebo nyekundu sijawahi kurudishiwa hata moja. Wallahi."

Sijui kama nimewahi kufurahi namna ile dukani. Maoni yote ya mtandaoni yakawa si kitu. Hapa palikuwa na maiti zenyewe, na maiti hazisemi uongo. Nilikuwa nishaanza kutoa pesa mfukoni.

Kando yangu mfanyabiashara kutoka Lubumbashi alikuwa anafungasha mzigo wake kwa utepe wa gundi, boksi juu ya boksi. Zote nyekundu.

"Hizi nyekundu wananunua akina nani hasa?" nikamuuliza dada.

"Hao. Wakongo, Wazambia, watu wa Komoro. Watu wa Dar wanataka bluu tu."

"Sasa ikimfia mtu Lubumbashi, atairudisha hapa?"

"Nani apande basi siku zote hizo kwa ajili ya diski?"

Nikamgeukia yule Mkongo. "Kaka, huko kwenu zinadumu?"

"Miye nauzisha tu," akasema, bila kuacha kuzungusha gundi. "Mutu akishabeba, nitajua namna gani?"

Nikabaki nimesimama. Bluu zinarudi kwa sababu wanaozinunua wako karibu. Nyekundu hazirudi, labda kwa uzima, labda kwa umbali. Hakuna mtu pale dukani aliyejua, na mtandaoni hakuna, na hakuna mahali pengine pa kuuliza. Nilinunua nyekundu. Sikuwa nimeiamini, sikuweza tu kupeleka nyumbani bluu nyingine. Taa iliwaka. Dada akagonga mhuri kwenye risiti, akaniambia, "Mungu awajaalie ndoa yenye kheri."

Asubuhi yake nilikaa sakafuni na diski zote mbili, mama kwenye kiti nyuma yangu. Ile ya zamani iligonga, ikatulia, ikaanza kunakili. Mstari ukasogea vizuri mpaka nikathubutu kuegemea ukuta. Kisha ukasimama. Diski ikagonga mara chache, taratibu, ikanyamaza, na kompyuta haikuiona tena. Huenda ningewahi siku ya kwanza ingemaliza. Huenda ilikuwa inasubiri kufia palepale. Hilo nalo sitalijua.

Katika vilivyovuka, nilimpata baba.

Wasemaji wengine husema "itifaki imezingatiwa" wakaendelea. Baba hakuijua njia hiyo ya mkato. Ameshika maiki kwa mikono miwili na anasalimia kila mtu. Wazee wa upande wa bwana harusi, shikamooni. Kamati. Mashangazi. Majirani wa Magomeni. Wapishi walioko nyuma ya ukumbi, "maana nao wanatusikia." Kisha, "Na mama wa bibi harusi, nakusalimia na wewe." Watu wanacheka, vigelegele. Anakohoa, anamgeukia dada yangu.

"Mwanangu," anasema, na picha inaganda.

"Enhe?" mama akasema.

"Imeishia hapo."

"Mbona hajasema kitu?"

"Ndiyo, mama."

Macho yake yalibaki kwenye mdomo wa baba ulioachwa wazi. "Rudisha kidogo. Pale kwa wapishi."

Nikarudisha. Baba alipofika kwake, mama aliitika kwa sauti ndogo, kama anavyoitikiwa mtu aliyesimama mlangoni. Kisha akanyoosha kidole kuelekea diski mpya, ile taa yake ikipepesa.

"Na hii? Haitakufa?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, ya bluu na nyekundu na Lubumbashi. Nikamwambia sijui.

"Basi rudisha tena," akasema, akasogeza kiti.