Kapu la Mandari la Mama Pasi

Mama Pasi, binti wa fundi viatu, mjukuu wa mkunga, mke wa dereva wa lori la maziwa ambaye alikuwa kaka yangu; yeye aliyenyoosha mashuka ya hospitali tangu enzi za pasi ya makaa hadi ya umeme; aliyemtoa dalali mlangoni kwa mwiko; aliyezika mume akarudi kazini macho bado mekundu, akisema mgonjwa hana kosa hata alalie mikunjo ya msiba wa mtu mwingine: huyo ndiye wifi yangu. Anayesema ni mwanamke mkaidi hajakosea, ila amechelewa kujua.

Nyinyi mnaomwona leo na fimbo yake mnadhani ukaidi umemjia na uzee. La. Mimi nilifanya naye kazi katika chumba cha kufulia, yeye akipiga pasi, mimi nikikunja, na najua ninachokisema.

Kila mwaka kulikuwa na siku ya kusafisha boila. Mvuke ukizimwa hakuna kazi, basi tuliruhusiwa kwenda mandari kwenye nyasi zilizo nyuma ya tangi la maji. Chakula alitupangia bwana wa stoo: mkate na chai ya maziwa, mwaka nenda mwaka rudi. Siku moja Mama Pasi akamuuliza, "Bwana Stoo, nani alikwambia tunapenda chai ya maziwa?"

"Wanawake wote wanapenda."

"Basi wapelekee hao wote. Sisi wa hapa, kila mmoja atabeba anachokipenda yeye. Na hakuna kuambiana."

Hapo kwenye kutoambiana ndipo tulipochemsha, tena tulichemsha kweli. Tulifika kwenye nyasi, tukafungua vikapu, na kila kikapu kina mayai ya kuchemsha. Hakuna mkate, hakuna chumvi, hata maji ya kunywa hakuna. Kila mmoja alikuwa amewaza peke yake kwamba yai ndilo halimwagiki. Tulikula mayai mpaka koo zikagoma. Bwana Stoo alikuja kutuchungulia, akacheka mpaka akashika tangi. "Mwakani nitawapangia tena mimi," akasema.

Mama Pasi alikuwa na yai mdomoni. Akalimeza, akangoja lishuke. "Tumekosea kwa midomo yetu wenyewe," akamwambia. "Wewe endelea kucheka." Tangu mwaka ule tuliulizana kwanza, lakini ile chai haikurudi.

Sasa nije kwenye habari ya juzi juzi. Mwanawe mkubwa, ambaye sisi tunamwita Karani kwa sababu hata harusi yake aliipanga kama mafaili, alisema Jumapili familia nzima iende mandari kwenye bwawa la maji. Jumamosi jioni tukakaa sebuleni. Mkewe ni nesi, mwanamke mchapakazi, simsemi vibaya. Akawa anauliza kila mtu anataka kipakiwe nini.

"Kuku wa kukaanga," akasema mjukuu wa kwanza. "Paja."

"Kuku ana mapaja mawili tu, na nyinyi mko wengi," akasema Nesi.

"Basi wanunuliwe kuku wengi."

Mwingine akataka soda nyekundu, mwingine keki isiyo na zabibu kavu, kwa sababu zinafanana na nzi. Karani akataka nyama ya kuchoma na pilipili ya kumtoa machozi. Wifi yangu alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mikono juu ya magoti, anangoja zamu yake. Zamu ikaja ikampita.

"Cha mama nimeshakiandaa," akasema Nesi. Nacho kilikuwa hotpoti ndogo ya viazi vya kuchemsha visivyo na chumvi, na chupa ya maji. Ni kweli presha ilimlaza mwanzoni mwa mwaka. Mimi na yeye tukatazamana, nikajua kesho kuna kazi.

Asubuhi alitutangulia sote jikoni. Karani alipokuwa akipanga vitu kwenye buti la gari, akakuta juu ya kapu kopo la samaki, ndimu, ganda la mkate lililounguzwa, na chupa ya kahawa.

"Mama, samaki wa kopo? Gari litanuka wiki nzima."

"Kwani ulilinunua lina pua?"

"Na chumvi je? Daktari alisema."

"Daktari alisema na mimi. Wewe ulikuwa nje unatafuta pa kuegesha."

Karani akalitoa kopo, akaliweka dirishani, akamwambia polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa, "Tutakununulia kitu kizuri njiani."

Hapo ndipo alipoharibu. Wifi yangu akaketi kwenye ngazi ya mlango, akavua viatu, akavipanga pembeni. "Nendeni salama," akasema. "Mimi siendi kwenye mandari ya watu."

"Ya watu wapi, mama? Ni yetu."

"Yenu. Nimesikia jana mkiipanga."

Karani akanigeukia. "Shangazi, mwambie wifi yako."

"Nimwambie nini? Leo sioni alipokosea."

"Jamani, ni kopo tu."

"Kama ni kopo tu," akasema mama yake, "mbona limekushinda kubeba?"

Watoto walikuwa wameshaingia garini, na soda nyekundu ilishafunguliwa. Jua likaanza kuwaka. Nesi akashuka, akachuchumaa mbele ya mkwewe.

"Mama, jana sikukuuliza."

"Hukuniuliza."

"Unapenda nini?"

Wifi yangu hakujibu upesi. Mtu aliyengojeshwa naye ana haki ya kungojesha. Kisha akasema, "Samaki wa kopo, wale wenye mifupa laini. Ndimu juu yake. Ganda la mkate lililoungua. Na kahawa chungu iliyopoa. Kule kwenye mvuke kitu cha moto kilikuwa hakishuki. Baba yenu aliniletea kopo la kwanza kwenye lori lake, limelala juu ya barafu katikati ya maziwa. Nimekula hivyo miaka yote mkiwa shuleni, kisha mkiwa kazini kwenu. Na hakuna anayejua."

"Sikujua, mama," akasema Karani.

"Ungejuaje?"

Nesi hakuinuka. "Chumvi ipo, mama. Siwezi kukudanganya."

"Usinidanganye. Maji yake yamwagwe, nile nusu. Na viazi vyako nitakula bila kununa."

"Robo."

"Nusu. Umeniuliza ninachopenda, hukuniuliza ninachoweza kuvumilia."

"Nusu, basi. Lakini kahawa kikombe kimoja."

"Kimoja. Ila kikombe nachagua mimi."

Nesi akacheka mpaka akashika ngazi. Karani mwenyewe ndiye aliyelirudisha kopo kapuni, na mama yake akavaa viatu.

Bwawani alilifungua kwa mkono wake, akala taratibu, akatafuna mfupa laini baada ya mfupa laini, na asiyetaka harufu alihamia upande wa upepo. Alipomaliza akafuta vidole, akamwita Karani, akamwekea kapu mapajani.

"Kapu hili ni lako kuanzia leo. Si la mkeo, yeye ana wagonjwa wake. Kila tukisafiri utapita kwa kila mtu, umuulize, na utapakia alichosema. Watoto hawana shida, watakwambia hata umelala. Wewe anza na waliokaa kimya."

"Sawa, mama. Safari ijayo."

"Safari ijayo nini? Shangazi yako amekaa hapo tangu tufike, anaguguna shingo ya kuku ambayo hakuiomba. Muulize."

Karani akanigeukia, kapu mkononi. Nami sikumrahisishia: nikaendelea kuguguna, nikingoja aulize.