Mvumo wa Amplifaya ya Baba

Mpaka leo mtu akisema mbele yangu "haijawaka", damu inanichemka. Juzi nimemfokea fundi wa jiko la gesi, maskini, kwa neno hilo tu.

Chanzo ni amplifaya ya baba. Ilikuwa ya zamani, ya valvu, zile chupa za kioo ambazo lazima zipate moto kwanza ndipo muziki utoke. Nyumbani kwetu Kondoa tuliziita taa. Baba alikuwa akifunga duka baada ya alasiri, anaingia, na kabla hajavua viatu anakwenda kuiwasha. Mama yuko uani, hamwoni, ila akisikia lile "mmmm" anabandika chai. Santuri ilifuata baadaye.

Baba alipofariki nikamleta mama kwangu Ipagala. Macho yake yalikuwa yameshakwenda kabisa. Amplifaya alikuja nayo ameipakata garini, hataki hata iwekwe kwenye buti. Kila alasiri namwashia, anakunywa chai yake, tunaongea. Siku moja umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, basi. Taa hazikuwaka tena. Nilipoifungua nikakuta transfoma imeungua upande mmoja, ule unaozipa taa moto wake. Upande mwingine mzima.

Mama hakulalamika. Aliacha tu chai. Anashika kikombe mpaka kinapoa, ananirudishia. Baada ya siku kadhaa akaanza kurudisha na ugali, na mikono yake ikawa mifupa mitupu. Hapo nikaogopa.

Mimi natengeneza redio na televisheni, na pale sokoni wameshachoka kunicheka kwamba mwanamke na vyuma wapi na wapi. Fundi wa kusuka upya transfoma akaniambia nisubiri waya. Nisubiri nini, mama yangu anakonda? Nikachukua pawasaplai ya swichi, kile kisanduku cha bati chenye matundu kinachozipa umeme kamera za ulinzi. Hakina transfoma nzito. Kinaukatakata umeme kwa kasi ya ajabu kisha kinautoa umenyooka, bila mawimbi. Kina kiskrubu kidogo cha kupandisha na kushusha volti. Nikapima kwa mita, nikakiweka kwenye sita nukta tatu, kiasi kile kile zinachotaka zile taa, nikabandika karatasi juu yake na kuandika kwa herufi kubwa: USIGUSE.

Mama alikuwa msibani kwa jirani. Nikawasha, nikaweka santuri. Jamani! Ule mvumo uliokuwa chini ya kila wimbo haupo. Umeme ulionyooka hauvumi. Nilisikia hata kidole cha mpiga gitaa kikiteleza kwenye nyuzi. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Sokoni kulikuwa na kazi ya watu, ikabidi niende. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikuwa amefika kutoka Bahi anakouza mchele. Nikamwambia, "Shemeji, mama akirudi mwashie. Bonyeza hapa, subiri taa ziwe nyekundu, uweke santuri. Basi." Mtu mzima, ana watoto. Ningejuaje?

Niliporudi nilikutana na harufu mlangoni. Shemeji amesimama katikati ya sebule, jasho linamtoka. Karatasi yangu iko sakafuni. Taa zote zimekata nyuzi ndani, moja imeingia weusi kwenye kioo. Nyingine sina, na sijui duka linalouza.

"Umefanya nini?"

"Zilikuwa hafifu, shemeji. Nikazungusha kiskrubu, nikaongeza kidogo."

"Kidogo! Hukuona nilichoandika?"

"Nimeona. Lakini mama kasema haijawaka. Nikamwambia imewaka, akasema haijawaka. Mara tatu. Sasa mkwe wangu anasema, mimi nani nimbishie?"

Nilimtukana. Sitaandika hapa nilivyomtukana. Nilimwambia arudi kwenye mchele wake, nikamwambia mikono yake ina laana, na yeye anarudia tu, mama kasema, mama kasema, mpaka nikapiga kelele:

"Mama haoni! Atajuaje kama imewaka? Haoni!"

Mama alikuwa ameketi pale pale kwenye kiti chake, kikombe mkononi.

"Sioni, ndiyo," akasema. "Masikio ninayo. Mwache mwenzio."

"Mama, ilikuwa inawaka."

"Haikuwaka. Baba yako akiiwasha inasema mmmm. Hapo ndipo najua amefika. Leo nimesubiri, nimesubiri, kimya. Nikamwambia huyu asiweke santuri, haijawaka. Kosa lake nini?"

Nilikuwa bado na hasira. Nikamjibu kifundi, kama ninavyowajibu wateja wabishi.

"Ule mvumo ulikuwa ubovu, mama. Umeme wa zamani ulikuwa unaingia kwenye sauti. Nimeutoa."

"Umeutoa?"

"Ndiyo."

Aligeuza uso kuelekea sauti yangu. Shemeji aliinama, akaanza kuokota ile karatasi polepole.

"Umeutoa ukaupeleka wapi?" mama akauliza.

Akaninyooshea kikombe. Kilikuwa kimejaa, na chai imeshapoa.