Siku Tisa Mlangoni kwa Salu

Minza alipokuwa hai, Sayi alimwonea wivu wa kiasi. Alipokufa, wivu ule ukanenepa kama ng'ombe aliyeachiwa shamba la mahindi. Bweni jipya la wasichana pale kijijini Sapiwi lilikuwa karibu kupewa jina la Minza, na kila Sayi alipopita na kuwaona mafundi wakipiga lipu, aliongeza mwendo. Mwanamke waliyepalilia naye, aliyekuwa akiomba chumvi kwake, leo anatajwa kanisani na kwenye mikutano ya kata kama mtu asiye na mfano.

"Na wazo lilikuwa langu," Sayi alijiambia akikoroga uji.

Hilo lilikuwa kweli. Miaka ishirini na sita nyuma, mjane mmoja, Salu, alisingiziwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa samadi aliyopikia maisha yake yote. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakamtenga. Vijana wakanoa mapanga. Sayi ndiye aliyemwambia Minza, "Tukachambulie pamba yetu mlangoni kwake. Anayetaka kuingia aturuke sisi."

Wakatandika turubai kizingitini, wakakaa wakitenga pamba safi na pamba fifi, bila hata fimbo mkononi. Vijana walikuja, wakatukana, wakasimama, wakaondoka. Kumpiga panga mwanamke anayechambua pamba, macho yake yakikutazama, si kazi nyepesi hata kwa mpumbavu.

Hayo ndiyo Sayi aliyomsimulia Valeria, afisa maendeleo ya jamii aliyetoka Bukoba, aliyefika kwake kutafuta maneno ya kuchongwa kwenye jiwe la ukumbusho. Valeria akaacha kuandika, akamwita mama kwa Kisukuma:

"Kumbe mlikuwa wawili, mayu. Basi tuchonge majina mawili."

"Ukiona inafaa," Sayi akasema, kama mtu mwenye njaa anayejifanya ameshiba.

Wakati huo Mashimba akaingia uani na mkongojo wake. Ndiye aliyekuwa mkuu wa sungusungu enzi zile, naye Valeria alikuwa amemwita aeleze ya upande wake.

"Mwangaluka," mzee akasalimia.

"Mwangaluka, baba. Karibu kiti," Sayi akaitikia.

Mzee akaketi, akatazama daftari. "Unamwandika na huyu? Vizuri. Mbuzi wake alikuwa mnono kweli."

"Nawe uliyemla, uandikwe wapi?" Sayi akamrudishia.

"Mimi nichongeni nyuma ya jiwe, huko wanakojikuna punda."

Valeria hakucheka. "Mbuzi gani, mayu?"

Sayi angeweza kusema mzee amechanganyikiwa. Valeria alikuwa mgeni, angeamini, na jiwe lingechongwa. Sayi aliliona jina lake pale, karibu na la Minza, herufi za ukubwa uleule. Alilitaka kuliko alivyowahi kutaka ng'ombe au nyumba ya bati.

Lakini kila mzee wa Sapiwi alijua, na yeye mwenyewe alijua. Akaaye na aliyetengwa hutengwa naye. Siku nane Sayi alisalimia watu kisimani na hakuna aliyeitikia. Dada yake wa tumbo moja alijitwika ndoo akaondoka. Siku ya tisa alimfunga mbuzi kamba, akampeleka kwa Mashimba kuwa faini ya kurudishwa kundini. Kesho yake aliitikiwa. Minza alibaki kizingitini miezi minne, mpaka wazee wakaona haya wakamwondolea Salu adhabu ya kutengwa.

"Niliondoka siku ya tisa," Sayi akasema. "Nilitoa mbuzi, nikarudi kwa watu."

"Lakini wazo lilikuwa lako."

"Wazo halikukaa mlangoni. Minza alikaa. Andika moja."

Valeria akafuta jina la pili. Sayi akageuza uso, maana kule kufuta kulimuuma.

Asidhani mtu kwamba ukweli ulimtibu. Mwenye wivu akisema kweli hubaki na wivu wake. Tofauti ni kwamba hautawali tena ulimi wake. Siku ya kuzindua bweni Sayi aliketi mstari wa tatu, kitenge kipya, uso umekunjamana. Mgeni rasmi akatangaza kwamba Minza alisimama peke yake, hakuwa na mwenzake. Wanawake wawili wazee wakageuka kumtazama Sayi, waone atafanya nini.

Akapiga makofi. Yalikuwa makofi mazito, ya mtu anayejilazimisha, lakini aliyapiga mpaka wenzake wote walipoacha.