Kibuyu cha Nyanya Kilichopakwa Vanishi

Mimi hapa nilipofika, hakuna kitu cha kunishtua. Shule niliiacha darasa la sita, nikaanza kwa kuuza misumari ya kupima kwa mkebe, na leo nina hadwea mbili, maduka ya vifaa vya ujenzi, hapa Voi. Nimeibiwa, nimeingiliwa na mafuriko dukani hadi kiunoni, na sikupepesa jicho. Lakini debe la vanishi likifunguliwa tu, natoka nje kusimama juani. Harufu ile inanirudisha kwenye kiangazi kimoja, nikiwa na miaka kumi, nyanya alipoteremka kutoka Werugha kuja kukaa nasi kwa sababu mama alikuwa mjamzito na miguu imemvimba. Nyanya alikuja na shuka zake nzito za baridi ya milimani na kibuyu kidogo, cheusi kwa moshi, alichorithi kwa mama yake. Kwetu sisi Wadawida, mzee akiweka hasira moyoni, hata asipoitamka, hasira hiyo inaweza kumwangukia mtu wa nyumba yake. Ndiyo maana kuna kutasa: mzee anatia maji ya miwa kwenye kibuyu, anapiga funda, anampulizia yule mtu kama manyunyu huku akiiambia hasira itoke.

Mtaani kwetu kulikuwa na kikundi cha kujitolea kilichokusanya vitu vya kale vya Voi, visipotee. Kiongozi wake alikuwa Bi Saumu, mshonaji, ambaye wazee wake walitoka Pwani kuifuata reli. Walipanga taa za reli, vinu na birika za shaba kwenye chumba cha mabati, wala hakuna aliyewalipa hata senti. Mtoto akileta kitu, Bi Saumu alimwandikia kadi yenye jina lake. Sasa mimi, jina langu shuleni lilisomwa wakati wa viboko tu. Nikakibeba kibuyu hadi kwake bila kumwambia mtu nyumbani. Siku tisa nzima kadi ilikaa nyuma ya kioo, imeandikwa "Kimeletwa na Mwadime", na kila siku niliwapitisha wenzangu pale wakasome.

Siku ya kumi nyanya akagombana na mama. Nyanya alitaka mama akajifungulie mlimani, mama akakataa. Kesho yake mama akashikwa na homa, mikono ikamtetemeka hata kikombe hakishikiki. Nyanya akamwambia baba, "Ni mimi. Moyo wangu ndio unamchoma. Kesho asubuhi natasa, halafu umpeleke hospitali." Niliyasikia hayo, nikauacha ugali wangu nusu. Kulipopambazuka tu nilikuwa kwa Bi Saumu, nikimlilia anirudishie kibuyu. Alikileta kikimeta kama kiatu kipya. "Tumekipaka vanishi, mwanangu, ndani na nje, wadudu wasikile," alisema, amejawa na furaha. Nilipomweleza kazi ya kibuyu, furaha ikamwisha usoni. "Yallah! Basi kisitiwe kinywaji tena, ni sumu hiyo."

Nilikirudisha mahali pake na kunyamaza. Nikisema, nyanya atanikasirikia, na hasira yake nimeshaiona kwa mama. Nisiposema, atakunywa. Mama alitolewa nje akiegemea bega la baba. Nyanya akamimina maji ya miwa, akainua kibuyu, na mdomo wake ulipokigusa nikapiga kelele, "Nyanya, usinywe!" Akakinusa. "Kinanuka jeneza," alisema. Nikatapika maneno yote. Aliniangalia, akamgeukia baba: "Lete kikombe cha bati. Nilikuwa na hasira ya mtu mmoja, sasa ni wawili." Alimpulizia mama mpaka nguo ikalowa. Kisha akanigeukia mimi, lakini nilikuwa nimerudi nyuma kwa woga hadi ukutani, na matone yakaanguka mchangani mbele ya miguu yangu. Hakurudia, nami sikuthubutu kumwomba. Mama alipelekwa hospitali, akapona, na ndugu yangu akazaliwa salama. Kibuyu kikarudi kabatini kwa Bi Saumu. Mimi nilibaki mkavu, na miaka yote hii, kila jambo likiniendea vibaya, nimeyafikiria matone yale.

Mwezi uliopita binti yangu Wakesho aliniambia amepata kazi ng'ambo. Nilimfokea maneno mabaya. Akaendelea kufunga mizigo, mimi nikakosa usingizi. Nikaenda kwenye chumba kile na bahasha nene, kukinunua kibuyu. Mlangoni nilimkuta binti ya Bi Saumu, naye anajitolea kama mama yake.

"Kiingilio mia moja, mzee."

"Jina kwenye kadi hiyo ni langu mimi!"

"Basi karibu ukajisome, baba. Mia moja."

Nililipa. Kibuyu akakataa kuniuzia. "Na ungekinywea vipi?" aliniuliza. "Mama alijuta mpaka anakufa. Siku hizi hatupaki kitu kabla ya kumuuliza mwenyewe kinafanya kazi gani." Nilisimama mbele ya kioo kile, mtu mzima na hadwea mbili, nikakumbuka kwamba nyanya mwenyewe alitumia kikombe cha bati. Nikapitia sokoni. Nyumbani nilimwita Wakesho uani. Alisimama mbali, amenuna, karibu na ukuta. Nikamwambia, "Sogea, mama. Sogea kabisa." Akasogea.

"Baba! Umenilowesha hadi nywele!"

Kiingilio mia moja, kikombe themanini, muwa hamsini. Shilingi mia mbili na thelathini.